Mvinyo wa Dodoma kwenye meza ya sato

Mteja akiniuliza anywe mvinyo gani na samaki, nami humuuliza: samaki mwenyewe kapikwaje? Karibu kila ninachokijua kuhusu mvinyo kimetokana na swali hilo. Sato aliyekaangwa mzima akaminyiwa ndimu ni chakula kimoja. Sato huyohuyo akiungwa kwa nazi ni chakula kingine kabisa, na chupa iliyompendeza wa kwanza inaweza kumpooza wa pili. Watu wengi wameshika ile kanuni ya mweupe kwa samaki na mwekundu kwa nyama, basi wakaishia hapo. Si kanuni mbaya, ila kwa vyakula vya ziwani haitufikishi mbali.

Nina mgahawa mdogo Ilemela, Mwanza, upande wa Ziwa Victoria: meza chache chini ya miembe, jiko la mkaa nyuma. Tunapika samaki, mbuzi, na vyakula vya Kisukuma ambavyo watu wa mjini huvitafuta wakikumbuka kwao, yaani ugali wa muhogo, mlenda, nsansa ya karanga, michembe. Vinywaji vilikuwa bia na soda tu. Mvinyo uliingia kwa njia ya undugu. Dada yangu ameolewa na Mgogo wa Hombolo, Dodoma, na baba mdogo wa shemeji ana shamba la zabibu pamoja na kiwanda kidogo cha kusindika. Kila walipokuja Mwanza kutusalimia walibeba chupa, na kila chupa ilipofunguliwa niliona watu wanakula taratibu zaidi, wanakaa zaidi, wanaulizia hata kilichobaki jikoni. Nikataka kuujua mvinyo ule tangu shambani.

Zabibu za Dodoma zilianza miaka ya 1950, pale wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walipopanda mizabibu Bihawana kwa ajili ya mvinyo wa misa. Mizabibu ikakubali. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, tena huja kwa msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni jua kavu na usiku wenye ubaridi. Sisi wa Mwanza tuko karibu kimo hichohicho, lakini mvua zetu hupita milimita 1,000, zinagawanyika vuli na masika, na unyevu wa ziwa hauondoki. Mzabibu hapa ungepigana na ukungu mwaka mzima. Wanaoniuliza kwa nini tusilime wenyewe huwa nawajibu kwamba zabibu tuwaachie Wagogo, nasi tuwapelekee sangara.

Wapo pia wanaoniambia mvinyo ni kitu cha kigeni, hauna mahali kwenye chakula cha Msukuma. Nawaheshimu, lakini huwakumbusha jambo moja. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria na watu, miaka hiyohiyo ya 1950 ambapo mizabibu ilikuwa inashika mizizi Bihawana. Na sato tunayemla leo naye aliletwa kipindi hichohicho. Wenyeji wa ziwa hili ni ngege na furu. Wageni hao wawili wa majini wamekuwa chakula chetu cha kila siku, wala hakuna anayewauliza walikotoka.

Nilifika Hombolo wakati wa mavuno ya Agosti. Kule hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima ndiye anayeupangia mwaka kwa mkasi wake: anapogolea mara mbili, anavuna mara mbili, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Mavuno hayo hayafanani. Ya mwanzo wa mwaka hukutana na mvua, ubwiri unga na ubwiri vinyoya hushambulia majani na vichala, punje zinabeba maji na kupasuka. Ya Agosti huiva kwenye ukavu. Sukari inapanda, ganda linakaza, harufu inakolea. Mzee mwenye shamba, huyo baba mdogo wa shemeji, alinieleza hayo huku akipita kwenye mistari na kunionjesha punje hapa na pale. Wavunaji walikuwa wameanza alfajiri ili kreti zote ziwe kivulini kabla jua halijawa kali, maana zabibu zikipata joto huanza kuchacha zenyewe humohumo kwenye kreti.

Pale uani alichukua punje moja, akaiminya kwa kidole gumba, akadondosha tone kwenye kioo cha kifaa kidogo cha mkononi, akafunika, akanipa nikielekeze juani na kuchungulia. Ndani niliona vipimo, juu buluu, chini nyeupe, na mpaka wa rangi hizo umesimama kwenye 22.

“Umeona, mwanangu? Katika kila gramu 100 za maji haya, 22 ni sukari. Hamira ikiimaliza yote, tunapata mvinyo wa asilimia 12 hivi, au 13.”

“Na isipoimaliza, baba?”

“Isipoimaliza, utamu unabaki. Tunaweza kuisimamisha tukitaka, na wengine wanasubiri iishe ndipo waongeze utamu. Lakini mvinyo uliosimamishwa kwa bahati mbaya usiuamini, utachacha tena ndani ya chupa.”

Kiwanda chenyewe ni nyumba moja ndefu ya matofali, imejengwa kwa kuta nene ili joto lisiingie. Kuna mashine ya kuchambua vikonyo na kupasua punje, kikamulio cha chuma, matangi ya chuma kisichoshika kutu, na mapipa ya plastiki ya kuhifadhia chakula. Zabibu nyeupe ni aina ya Chenin Blanc. Hukamuliwa upesi, maganda yanatolewa, maji peke yake ndiyo yanayochachushwa, tena kwa ubaridi kadiri umeme unavyoruhusu, kwa sababu joto likipanda harufu nzuri hupotea hewani. Nyekundu ni Syrah na ile inayoitwa Makutupora, jina la kijiji chenye kituo cha utafiti wa zabibu. Hizi huchachuka pamoja na maganda na mbegu. Maganda hupanda juu yakawa tabaka nene, na kijana wa zamu anakuja na mti mrefu kuyazamisha mara kadhaa kwa siku. Rangi yote inatoka kwenye maganda hayo, na ukakasi pia, ule ule wa kung'ata ndizi mbichi, ulimi ukakauka na fizi zikakaza.

Wakulima wengi wadogo hawafikii hatua ya chupa. Wanauza zabibu, au wanakamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa viwanda vikubwa, kwa bei anayoitaja mnunuzi. Mzee naye huuza mchuzi, lakini hubakiza matangi machache aliyoyaamini kuliko mengine na kuyatia kwenye chupa zake: mweupe usio na sukari, mwekundu usio na sukari, na mwekundu mtamu. Ninaziheshimu sana chupa hizo. Mkulima anayeweka alama yake kwenye chupa amekubali kuulizwa, na mimi napenda kununua kwa mtu ninayeweza kumuuliza.

Niliporudi Mwanza nilianza na sato. Samaki wetu tunawachukua soko la Mwaloni, Kirumba, asubuhi. Sato wa kukaanga mzima, chumvi tu na ndimu, kachumbari na ugali pembeni, akikutana na ule mweupe mkavu, yaani usio na sukari, ulio baridi, kila kimoja kinamsaidia mwenzake. Mvinyo una uchachu wake wa asili, na uchachu husafisha mafuta mdomoni ili tonge linalofuata liwe na ladha kama la kwanza. Lakini mvinyo lazima uwe na uchachu unaolingana na ndimu iliyoko kwenye sahani. Ukiwa mpole kuliko ndimu, utaonekana hauna ladha, umekuwa maji. Ndiyo sababu mvinyo mweupe ulioiva kupita kiasi, uliojaa pombe na kukosa uchachu, simpi mtu anayekula sato kwa ndimu, hata kama chupa yake ni ya bei kubwa.

Somo la mwekundu na samaki alinipa mteja. Ni mvuvi mstaafu, mzaliwa wa Ukerewe, aliyekuja na wanawe kusherehekea kitukuu. Wanawe waliagiza mwekundu mkavu kwa kuwa ndio waliouzoea, na mezani kulikuwa na dagaa waliokaangwa na vitunguu. Mzee akala dagaa, akanywa funda, akaweka glasi chini.

“Binti, hiki kinywaji kina kutu.”

Nikaionja mbele yake. Mvinyo peke yake ulikuwa safi. Nikala dagaa kidogo, nikanywa tena, na kweli kutu ikaja, na nyuma yake shombo ambayo dagaa wale hawakuwa nayo kabla. Nikambadilishia, nikampa mweupe baridi, akala akashiba. Baadaye nilikuja kusoma kwamba watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2009 chanzo cha jambo hilo: mvinyo mwekundu mara nyingi una madini ya chuma zaidi, na chuma hiyo ikikutana na mafuta ya viumbe wa majini huzaa harufu ya shombo papo hapo. Dagaa wakavu wana mafuta yaliyokwisha kukaa juani, kwa hiyo shombo hutokea upesi zaidi. Mvuvi yule aliitambua chuma kwa ulimi. Tangu siku hiyo nikiambiwa jambo na mtu aliyekula samaki wa ziwa hili maisha yake yote, nasikiliza kwanza.

Lakini usimfungie mwekundu mlango kwa kila samaki. Sangara mkubwa ana mafuta na nyama nene, na akibanikwa polepole juu ya mkaa mpaka ngozi ikakauka, moshi wake unaweza kuubeba mwekundu mwepesi uliopozwa. Nasisitiza mwepesi, wenye ukakasi mdogo. Ule mzito wa Syrah utamfunika.

Kwenye nazi mambo yanageuka. Sangara wa nazi ana utamu wa tui, na mara nyingi mpishi ametia nyanya, manjano na pilipili. Mweupe mkavu hapo unakuwa mkali, unalikata tui likaonekana limeganda mdomoni. Kinachofaa ni mweupe wenye utamu kidogo. Mzee wa Hombolo hatengenezi mvinyo wa namna hiyo, kwa hiyo nanunua kwa mtengenezaji mwingine wa Dodoma. Na pilipili ikiwa kali, utamu huo ndio unaookoa, kwa sababu pombe huuchochea moto wa pilipili na ukakasi huuongeza. Mteja akisema anataka pilipili ya kumtoa jasho, namshauri kinywaji chenye pombe ndogo, baridi, chenye sukari kidogo. Asipokubali, ni mlo wake.

Hapo nataka kusema neno kuhusu utamu, kwa sababu kuna watu wanaowadharau wanaopenda mvinyo mtamu, kana kwamba hawajastaarabika. Naumia nikisikia hivyo. Watu wetu wengi walianza na mvinyo mtamu, na vyakula vyetu vingi vinauhitaji. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, ikichemshwa na karanga zilizotwangwa ina utamu mzito unaoshika meno. Ukiinywea mvinyo mkavu, mvinyo unakuwa mchungu mara moja, maana kinywaji kikizidiwa utamu na chakula hakiwezi kusimama. Ule mwekundu mtamu wa Hombolo ukikutana na michembe ya karanga, bakuli hurudi tupu jikoni. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, ni hivyohivyo. Kinamama wa hapa Mwanza wanaotengeneza mvinyo wa choya (rosela) nao wana nafasi yao hapo: ule uchachu wa choya pamoja na sukari unaifaa karanga kuliko hata zabibu, na rangi yake inavutia mezani. Nauuza kwa fahari.

Nyama choma haina ugumu. Mbuzi wa mkaa, chumvi ya kutosha, mwekundu mkavu. Ukakasi hushikana na nyama na mafuta badala ya kushikana na ulimi, chumvi inaulainisha, na Syrah ina kaharufu ka pilipili manga ninakokapenda sana kwenye mbavu zilizoungua kingoni. Ndimu ikizidi kwenye mbuzi, mvinyo utaonekana hauna ladha, kwa hiyo tunaiweka pembeni kila mtu ajiminyie. Mlenda ndio umenisumbua zaidi. Ukakasi na utelezi wa mlenda havipatani hata kidogo, na sijaona mwekundu unaokwenda nao. Nsansa ya karanga, kinyume chake, ina uchungu mzuri wa majani makavu ya kunde, na inapokea mweupe wenye utamu kidogo bila shida.

Sehemu kubwa ya kazi, hata hivyo, ni joto. Vitabu vinasema mvinyo mwekundu unywewe kwenye joto la chumba, lakini chumba wanachokisema ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Mchana wa Mwanza chumba changu kiko juu ya nyuzi 28, na mwekundu wa nyuzi 28 unanuka pombe tu. Tunauingiza kwenye friji nusu saa kabla. Mweupe unakaa humo tangu asubuhi. Umeme ukikatika, ndoo: barafu, maji hadi shingo ya chupa, na konzi ya chumvi. Maji hugusa chupa pande zote, barafu peke yake inaigusa hapa na pale tu, na chumvi inalishusha joto la maji chini zaidi. Ndani ya robo saa chupa iko tayari. Vijana wangu wa huduma wanajua, hawaleti chupa mezani kabla ya kuishika shingo kwa kiganja.

Safari nayo ni adui. Kutoka Dodoma mpaka Mwanza kwa barabara ni karibu kilomita 700, kupitia Singida, Nzega na Shinyanga, na buti la basi mchana ni tanuri. Mvinyo uliopikwa na joto unaujua: kizibo kimesukumwa juu kidogo, ukiuonja umechoka, harufu ya tunda imegeuka jamu. Shemeji hututumia kwa basi la usiku tu, chupa zimefungwa magazeti ndani ya boksi la bati gumu, na tunazipokea stendi alfajiri. Nikizipokea nazilaza chini kabisa ya stoo, kwenye sakafu ya saruji, siku kadhaa kabla ya kuzifungua. Na kila boksi nakagua alama ya TBS, shirika la viwango, na stempu ya TRA, mamlaka ya mapato, moja baada ya nyingine. Mvinyo wa mitaani usio na alama hizo una wateja wake, lakini mimi siuweki mbele ya mgeni nisiyeweza kumweleza ulitoka wapi.

Chupa iliyofunguliwa ikabaki, inarudishiwa kizibo na kukaa kwenye friji siku mbili, tatu. Baada ya hapo inakwenda kwenye mtungi wa siki jikoni, umefunikwa kitambaa ili hewa iingie na nzi wasiingie. Siki hiyo ndiyo tunayotia kwenye kachumbari, na mara nyingi kachumbari hiyo na mvinyo ulio mezani ni vya zabibu za shamba moja.

Wengi wa wageni wangu hawanywi. Waislamu, Wasabato, wajawazito, madereva, na watu ambao tu hawataki. Haifai wao waishie kupewa soda yenye sukari nyingi inayoua ladha ya samaki, wakati mezani kwa jirani kila kitu kimepangwa. Kwao nachemsha choya kavu na kipande cha tangawizi, sukari kidogo sana, naipoza mpaka iwe baridi kabisa, naileta kwenye glasi ileile ya mvinyo. Uchachu wake unamfanyia sato wa ndimu kazi ileile, na wapo wanaokunywa mvinyo ambao siku hizi huomba choya kwanza.

Kwa sasa namwomba mzee wa Hombolo, na ningependa wenye viwanda vidogo wote wa Dodoma wasikie, waandike kwenye lebo msimu wa mavuno pamoja na mwaka. Mwaka peke yake hautoshi mahali panapovunwa mara mbili. Chupa ya Machi na chupa ya Septemba za mwaka mmoja, shamba moja, ni vinywaji viwili. Mweupe wa Machi ni mwepesi, nampa mtu anayekula dagaa au anayeanza tu mlo. Wa Septemba una uzito wa kumbeba sato mkubwa wa kilo na zaidi. Mzee amekubali kuanza na mavuno yajayo. Kwa chupa zilizopo naandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito, M au S, nyuma ya kila moja.